Mwingereza, Mjapani, na Uongo wa Mlima Nyoka

Siku yangu ya kwanza kazini nilitukanwa kabla sijashika spana. Nilitoka Kalenga alfajiri kwa miguu, suruali imelowa umande mpaka magotini, nikafika Iringa mjini kwenye karakana ya kampuni ya malori, nikasimama mlangoni nimeshika kofia mkononi. Fomeni, yaani msimamizi wa mafundi, alinitazama toka juu mpaka chini.

"Wewe Mhehe, umekuja kufanya kazi au umekuja kuposa? Ingia ndani!"

Nikaingia. Nilifanya kazi ya umakenika mpaka mgongo ukagoma, na leo vijana wanakuja kwangu na simu zao, wananionyesha picha ya magari mawili ya zamani yaliyofufuliwa pale mjini, wanauliza, "Mzee, kati ya haya mawili, lipi kali?" Nitawajibu. Lakini mtanisikiliza mpaka mwisho, maana nikiyaona yale magari damu inanichemka, na sababu yake siyo magari.

Fomeni wetu alikuwa mkali wa kutisha, ila alijua kazi. Neno lake lilikuwa moja: "Kabla hujafungua kitu, jua kilivyofungwa." Ukifungua bolti bila kutazama, anakuchapa begani na kitambaa chenye oili. Aliniweka chini ya fundi aliyenitangulia mwaka mmoja tu, Mnyakyusa kutoka Tukuyu, jina lake Ambokile. Kimya, mrefu, anaimba besi kwaya ya kanisani kwao, na pombe hajawahi kuonja. Hilo la pombe lishikeni vizuri. Sisi wengine mwisho wa mwezi tulikuwa tunapitia ulanzi tunarudi tunapepesuka, yeye anatungoja barabarani na baiskeli abebe atakayeshindwa kutembea.

Gari la kwanza kati ya yale mawili lililetwa na Mkurugenzi, mwenye kampuni mwenyewe. Alilinunua kwa meneja mmoja wa mashamba ya chai Mufindi aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Tukaliita Mwingereza. Lilikuwa gari la mbio la watu wawili, halina paa, lina turubai tu la kufunika mvua ikinyesha, na mvua ya Mufindi inaingia vilevile. Kila kitu chake kilikuwa cha inchi, kwa hiyo spana zetu za milimita zilikuwa zinateleza na kuchubua nati. Betri yake ilifungwa kinyume na magari mnayoyajua, waya wa chanya ndio ulioshikizwa kwenye bodi. Alikuwa na kabureta mbili, na ili zivute sawa unashika kipande cha mpira, mwisho mmoja kwenye kabureta, mwisho mwingine sikioni, unasikiliza mvumo wa hewa. Ukikaza skrubu ya hii, ile nayo inanuna. Na alivuja oili huyo! Ulijua aliposimama jana kwa kutazama chini.

Mimi nilimchukia. Ambokile alimpenda kupita kiasi.

"Huyu anataka umsikilize," aliniambia. "Wewe Mhehe hujui kusikiliza, ndiyo maana anakusumbua."

"Gari la kubembelezwa hilo ni gari au mke mdogo?"

Baadaye Mkurugenzi akaleta la pili, Mjapani, kutoka kwa mtu aliyekuwa anashindana nalo kwenye mbio za magari. Injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, gia tano, pua ndefu, paa la chuma. Loo! Huyo alikuwa wangu. Unafungua, unapima, unafunga, unamsahau. Kitabu chake kikisema milimita fulani, ni hiyo hiyo. Waliomtengeneza walitaka kifaa chochote utoe kwenye gari moja ukifunge kwenye jingine kiingie bila kupigwa tupa, wakati Mwingereza alitengenezwa na watu waliozoea kulinganisha kila kifaa kwa mkono mpaka kikae. Ubaya wa Mjapani ulikuwa bati lake. Ukungu na matope ya huku kwetu vilimla milango kwa chini, nikawa naziba leo, kesho nakuta tundu jingine. Nilikuwa nikimwambia Ambokile gari langu linaondoka bila maombi. Ananijibu, "Litaondoka, lakini milango itabaki Iringa."

Tukabishana hivyo miaka na miaka. Kampuni ilipohamishia karakana kubwa Mbeya, tulihamishwa sote wawili pamoja na magari hayo mawili, maana Mkurugenzi hakuamini mikono mingine. Ambokile akapata kiwanja Ilomba, akajenga, akaoa. Mkewe tulimwita mama Atupele, kwa jina la binti yao. Mimi nikapanga chumba jirani, na Jumapili nilikula kwao, wali na kunde na maneno mengi.

Pale Mbeya tulikuwa chini ya Meneja Karakana. Sitamtaja jina, na siyo kwa heshima. Alikuwa mtu safi, anachomekea, mzee wa kanisa lilelile la Ambokile, na alikuwa amepelekwa Japani kujifunza. Hakuwa mjinga, nisimsingizie. Ukimpa Mjapani alikuwa fundi kuliko sisi sote, na alipanga karakana ile mpaka spana ikipotea inajulikana kabla ya chai. Tatizo lake ni kwamba alirudi na imani kuwa dunia nzima inatengeneza magari kwa namna moja. Akiona mtu anafanya kitu tofauti, anasema, "Mfumo ni mmoja. Tusipoteze muda."

Hapa niwaeleze magurudumu, maana bila hilo hamtanielewa. Gurudumu la Mjapani linashikwa na nati nne, na habu zake, yaani vile vitovu vya chuma ambavyo gurudumu linakalia, za kulia na za kushoto ni sawasawa. Unaweza kuzichanganya upendavyo. Gurudumu la Mwingereza ni la spoku kama la baiskeli, na linashikwa na nati moja kubwa katikati yenye masikio mawili, unayoigonga kwa nyundo ya shaba. Meno ya nati na habu za kulia yanazunguka upande wake, ya kushoto upande wake, makusudi kabisa, ili gari likienda mbele nati zijikaze zenyewe. Ukichukua habu ya kulia na nati yake ukavifunga kushoto, vitaingia bila ubishi. Utagonga, itakaza, utafurahi. Gari likianza kwenda, kila mzunguko unailegeza.

Ambokile kwa hiyo alikuwa na desturi. Akifungua magurudumu ya Mwingereza, anatandika sakafuni kanga mbili kuukuu za mkewe, nyekundu kulia kwa gari, ya bluu kushoto, na kila kitu cha upande ule kinalala kwenye kanga yake mpaka kirudi mahali pake. Mafundi walimcheka kwamba anafungua genge. Yeye akicheka nao anaendelea kupanga. Meneja ndiye aliyechukia.

"Karakana si sokoni," alimwambia mbele yetu sote. "Ondoa nguo za wanawake sakafuni kwangu."

Kila akiondoka, Ambokile alizitandika tena.

Sasa sikilizeni. Binti wa Mkurugenzi alikuwa anaolewa Iringa, na Mkurugenzi alitaka magari yote mawili yawe kwenye msafara wa harusi. Siku za mwisho za matengenezo Ambokile hakuwepo, alikwenda Tukuyu kumzika mjomba wake. Nikiwa chini ya Mjapani nikasikia vyuma vinalia. Natoka, naona habu zote za Mwingereza zimetumbukizwa kwenye beseni moja la mafuta ya taa, zinaoshwa pamoja kama vyombo vya ubwabwa, na Meneja mwenyewe amekunja mikono ya shati anazifunga.

Nikamwambia, "Meneja, hizo zina pande."

"Habu ina pande? Endelea na gari lako."

"Meneja, mngoje Ambokile."

"Mimi nikamngoje Ambokile? Ebo! Endelea na gari lako!"

Ambokile aliporudi alifika moja kwa moja kazini, bado ana udongo wa makaburini kwenye viatu. Nikamvuta pembeni nikamweleza. Akaenda kwa Meneja, kwa adabu ile yake iliyokuwa inaniudhi, akaomba afungue nati atazame. Nilikuwa nimesimama hapo hapo.

"Nimefunga mimi mwenyewe," Meneja akasema. "Ukifungua hata moja, huna kazi. Mkurugenzi anasubiri, washa gari uondoke."

Ambokile alikuwa na mke, mtoto, na nyumba isiyo na dari bado. Akawasha.

Mimi nilimfuata nyuma na Mjapani. Tukapita Uyole, tukaanza kushuka Mlima Nyoka. Nilikuwa nampigia honi apunguze mwendo, na alikuwa anapunguza, naapa, alikuwa anashuka kama mtu aliyebeba mayai. Nikaona gurudumu la mbele la kushoto linacheza. Kisha likatoka lenyewe, likampita, likatangulia mteremkoni peke yake. Mwingereza akainama, akaruka ukingo, akabinuka mara mbili. Gari halina paa, nimewaambia. Nilimkuta Ambokile ameangukiwa na gari kwenye mguu, ananiambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nati imefunguka, Mhehe. Itafute." Niliitafuta nikaipata juu kidogo barabarani, meno yake mazima, haijavunjika wala kuchubuka. Ilijifungua tu.

Mguu haukukatwa, lakini haukuwa mguu tena. Nikadhani Meneja atakuja hospitali alie, apige magoti. Alikuja, ndiyo. Akasimama kwenye korido na watu wa kampuni na polisi, akasema alimsikia Ambokile harufu ya pombe asubuhi ile, kwamba ametoka msibani amelewa, na yeye kwa huruma hakumzuia. Kwa huruma! Nilimkaba shati. Wakanitoa nje watu wanne.

Nilisema polisi. Nilisema ofisini kwa Mkurugenzi, nikaweka ile nati mezani kwake, akaitazama, akanitazama, akasema Meneja ni mtu wa kanisa. Nikaenda mpaka kanisani kwao, mimi Mkatoliki, nikaomba kusema, nikaulizwa nimefuata nini huku. Jumapili ile Meneja alisimama mbele ya waumini akatangaza kwa uchungu, eti uchungu, kwamba ndugu yetu ameangushwa na ulevi, tumwombee. Wakamtenga Ambokile. Kwaya ikamwondoa. Na mtaani watu wakapata methali ya kumsindikizia akipita anaegemea gongo lake: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jamani! Ambokile alisikia la mkuu. Kama angekuwa kaidi kama mimi, akafungua ile nati, angekuwa anatembea.

Lakini hata hayo ningeyameza. Kilichonishinda ni mama Atupele. Yule mama alimwamini Meneja. "Shemeji," aliniambia, "mzee wa kanisa atasema uongo ili apate nini?" Alimuuguza mumewe, alimwogesha, alilima viazi akalisha nyumba, hakumwacha. Ila tangu siku ile, kila Ambokile akitoka nje akarudi, hata kama ameenda kununua chumvi, mkewe alimsogelea mlangoni akamnusa mdomo. Nimeliona kwa macho yangu. Mzee mzima anasimama, anafungua mdomo anuswe, halafu anaingia ndani. Mpaka mama yule anakufa, mwaka juzi, alikuwa bado anamnusa.

Mimi kwa kelele zangu nilihamishiwa kambi ya magogo upande wa Mgololo, kutengeneza malori kwenye matope na baridi. Fomeni wa kule alikuwa mtu mwema, alinikaribisha akaniambia, "Huku huja wenye mdomo." Nikakaa huko mpaka nikastaafu. Wengi wanasema kustaafu ni kupumzika. Mimi naona ni kukaa kwenye kiti na kukumbuka majina ya watu uliotaka kuwapiga.

Basi jibu lenu, vijana. Mjapani alikuwa gari zuri zaidi: alikwenda kasi zaidi, hakutusumbua, na bado nampenda. Mwingereza alikuwa na akili nyingine, na akili yake ukiifuata haikuangushi. Ile nati haikuwa na kosa. Waliomtengeneza walifikiri vizuri kabisa, ila walimfikiria fundi atakayejua kulia na kushoto. Hakuna lililo kali. Kali ni kufunga la huyu kwa sheria ya yule, halafu ukaogopa kusema.

Ningeishia hapo kama Mkurugenzi asingekuwa na mtoto wa kiume. Kijana wake aliyatoa magari yale stoo, akayafufua, akafanya maonyesho kwenye uwanja wa hoteli pale Iringa, akanialika. Nikaenda nimevaa koti. Na mgeni wa heshima alikuwa nani? Meneja, mzee sasa, mkongojo mkononi, kipaza sauti kwenye mkono mwingine. Akaelekeza mkongojo kwa Mwingereza, akawaambia vijana, "Hili lilipinduka Mlima Nyoka kwa sababu ya fundi mmoja mlevi, Mungu amsamehe." Watu wakacheka.

Nikasimama. "Mlevi yupo Ilomba, yu hai. Njoo umwambie usoni."

Kijana wa Mkurugenzi akanishika mkono, nikauchomoa. "Meneja, twende, au nakaa hapa hapa nawasimulia hawa watoto moja baada ya jingine mpaka jua lizame. Nina sauti na nina muda."

Akakishusha kipaza sauti. Akasema, "Nitakuja."

Asubuhi tukapanda basi la Mbeya, tumekaa kiti kimoja. Tukafika Makambako. Hapo akaanza mwenyewe.

"Ningefungwa. Nilikuwa na watoto wadogo."

"Na yeye alikuwa na nini, mbwa?"

"Nilidhani yatasahaulika."

"Jana uliyakumbusha mwenyewe kwa kipaza sauti."

"Ukisema kitu miaka mingi," akasema, "unafika mahali huoni tena kama ni uongo." Nikageuzia uso dirishani, maana ningebaki namtazama ningemtia kofi mbele ya abiria.

Ilomba tulimkuta Ambokile amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, anamenya viazi. Alimtambua mara moja. Hakustuka. Akamwita Atupele atoe viti.

"Mhehe, umevimba nini?" akaniuliza. "Karibuni."

Meneja hakukaa. Akatoa kofia. "Ambokile, habu nilizifunga mimi. Nilizichanganya. Ulitaka kufungua nikakukataza. Hukuwa umelewa, na mimi nilijua hukuwa umelewa."

Miaka yote ile nilikuwa naungoja mdomo huo useme maneno hayo. Nilimtazama rafiki yangu nikitegemea alie, au arushe kisu cha viazi, nami nimsaidie kurusha. Atupele alikuwa ameshika kiti hewani, amesahau kukiweka chini. Ambokile akamalizia kumenya kiazi alichokuwa nacho, akakitia kwenye sufuria.

"Ndaga," akasema, yaani asante kwa kwao. "Lakini mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwa ndani ya lile gari. Mimi najua sikunywa. Huyu Mhehe anajua. Asiyejua ni mmoja tu." Akaegemea gongo lake akasimama, pole pole, hakutaka tumshike. "Twende ukamwambie mama Atupele."

Meneja akasema mama amekwisha kufa.

"Najua alipo," Ambokile akasema. "Nilimpeleka mimi."

Makaburi hayako mbali, ila kwa mguu mmoja mbovu, gongo moja na mkongojo mmoja tulichukua muda. Atupele alitangulia, akang'oa majani juu ya kaburi la mama yake, akasogea pembeni. Ambokile akasimama upande wa kichwani. Meneja akainama, kofia kifuani, akaanza kusema kwa sauti ndogo, maneno yanaishia kwenye kola yake, hata mimi niliyekuwa karibu sikuyasikia.

Nikamshika bega. "Paza sauti, Meneja," nikamwambia. "Siku ile kanisani hukunong'ona."